Ukipata Kazi Ng'ambo, Paka Abaki na Nani?

Katika miji ya Wote, Kitui, Mwingi na Kibwezi, kijana akipata kazi ng'ambo shughuli huanza mara moja. Pasipoti inatafutwa, cheti cha tabia njema kinaombwa kwa idara ya upelelezi, vipimo vya afya vinafanywa Nairobi, na jamaa wanachangishana nauli. Shamba linapata mtu wa kuliangalia, mbuzi wanagawiwa ndugu au wanauzwa sokoni, na mtoto mdogo anapelekwa kwa nyanya yake. Paka husahaulika mpaka siku za mwisho, na hapo ndipo swali linapozuka: aende au abaki? Wapo wanaoliona swali hili kuwa la kitoto. Kwangu ni swali zito, kwa sababu jibu lake linagusa afya ya kijiji, akiba ya chakula ya familia na maisha ya kiumbe asiyeweza kujisemea. Msimamo wangu ni kwamba kwa wengi wanaoondoka Kitui na Makueni, paka anafaa kubaki. Lakini kubaki huko kunahitaji matayarisho ya miezi, na anayeondoka bila kuyafanya amemtupa paka wake hata kama hakumfukuza bomani.

Tazama kwanza watu hawa wanakwenda wapi. Wapo wengi wanaokwenda Ghuba: Saudia, Qatar, Umoja wa Falme za Kiarabu. Mtumishi wa nyumbani anayekwenda Riyadh au Jeddah kwa kawaida husaini kandarasi ya miaka miwili na hulala katika nyumba ya mwajiri, na chumba anachopewa si chake. Mlinzi anayekwenda Doha au Dubai hulala kwenye mabweni ya kampuni pamoja na wenzake. Si kwamba nchi hizo zinakataza paka. Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, hutoa kibali cha kumwingiza mnyama kwa anayetimiza masharti. Ila kibali hicho kinamfaa mtu mwenye nyumba yake na sauti ndani yake. Kwa mtumishi, mjadala umekwisha kabla haujaanza, na kumwambia kwamba angempenda paka wake angetafuta njia ni kumwonea bure.

Kwa anayekwenda Uingereza mlango ulikuwa mpana kidogo. Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi huko, na wauguzi waliosomea vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC, vikiwemo vya Kitui na Makueni, wakaanza kuulizia nafasi. Wengine walikwenda kama watunzaji wa wazee. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mtunzaji wa wazee aliyepewa viza mpya hakuruhusiwa kwenda na mume, mke wala watoto, na Julai 2025 kazi hiyo ikafungwa kabisa kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Muuguzi bado anaruhusiwa kwenda na familia. Paka hakuguswa na sheria hiyo, kwa kuwa yeye yuko chini ya kanuni za maradhi ya wanyama na uhamiaji haumhusu. Maana yake ni kwamba mama aliyelazimika kumwacha mtoto wake Mutomo angeweza, kisheria, kuingia Uingereza na paka. Jambo hili linachoma moyo. Pia linatuonya tusiichukue ruhusa ya nchi ya kigeni kuwa kipimo cha lililo jema kwa mtu au kwa mnyama wake.

Kanuni hizo za maradhi zinafaa kuelezwa kwa utulivu, maana hapo ndipo watu hupoteza pesa na wakati. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinaiweka Kenya katika kundi la nchi ambazo kichaa cha mbwa hakijadhibitiwa. Paka anayetoka huku hutakiwa kwanza awe na chipu ya utambulisho, kidude kidogo kama punje ya mchele kinachodungwa chini ya ngozi kati ya mabega, chenye nambari ya tarakimu 15. Baada ya hapo ndipo achanjwe, akiwa ametimiza wiki 12 tangu kuzaliwa. Mpangilio huo una uzito wake: chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha kwamba aliyechanjwa ni paka huyu na wala si ndugu yake mwenye rangi ileile. Zikipita siku 30 anatolewa damu, na damu hiyo inapelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa, kama ile ya Onderstepoort nchini Afrika Kusini, kupimwa ikiwa kinga imefika kiwango kinachotakiwa. Isipofika, anachanjwa tena na hesabu inaanza upya. Ikifika, kuna miezi 3 ya kungoja tangu siku damu ilipotolewa. Piga hesabu: paka aliyechanjwa tarehe 1 Januari hatolewi damu kabla ya tarehe 31, na hata matokeo yakiwa mazuri hawezi kutua Uingereza kabla ya Aprili kuisha. Bado kuna cheti cha afya cha kutiwa saini na daktari wa mifugo wa serikali siku chache kabla ya safari.

Wakala wa ajira hangoji miezi minne. Barua ya kazi ikija, tarehe ya kuripoti huwa karibu, na anayesitasita nafasi yake hupewa mwingine. Hapo watu hufikiri kwamba wao watatangulia na ndugu atamtuma paka baadaye. Kanuni ya Uingereza inataka mwenye paka asafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya mnyama wake. Ikizidi hapo, paka huyo huhesabiwa kama bidhaa ya biashara, na masharti yake ni mengine. Tena paka anayeingia Uingereza kwa ndege kutoka Kenya hakai kwenye kiti pamoja na mwenyewe. Anasafirishwa kama mzigo, ndani ya kasha linalomwezesha kusimama, kugeuka na kulala, lenye godoro la kunyonya mkojo na vibakuli vya maji vilivyofungwa kwenye mlango wa wavu. Wataalamu wa usafirishaji hawashauri apewe dawa ya usingizi, kwa hiyo safari yote anaipitia akiwa macho. Akifika Heathrow hupokewa kwenye kituo cha wanyama cha uwanja huo, karatasi zake zikakaguliwa na chipu ikasomwa. Karatasi zikiwa na kasoro anaweza kurudishwa alikotoka au kuwekwa karantini kwa muda wa hadi miezi 4, na gharama yote ni ya mwenye paka. Muuguzi aliyeanza kazi juzi, anayelipia chumba na bado anadaiwa nauli nyumbani, hawezi kubeba gharama hiyo bila kuwanyima watu waliomchangia.

Marekani na Canada ni rahisi zaidi. Canada inaridhika na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kwa paka aliyetimiza miezi 3. Mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, haimlazimishi paka kuwa na chanjo hiyo ili aingie, ingawa baadhi ya majimbo yanaitaka. Kanuni kali iliyoanza tarehe 1 Agosti 2024, iliyowasumbua wengi waliokuwa wakihama kutoka Kenya, inahusu mbwa. Kwa hiyo aliyepata viza ya kuhamia Marekani na familia nzima, akiwa na nyumba ya kufikia, hawezi kusema sheria imemzuia. Kwake yeye hoja ni nyingine, na inamhusu paka mwenyewe.

Kabla ya kuifikia hoja hiyo, kuna malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara, kwamba nchi za Ulaya zinatunyanyapaa hata paka wetu. Sikubaliani nayo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, karibu na Nairobi, na zaidi ya karne moja baadaye bado kinaua watu wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaonekana karibu kila mgonjwa hufa. Mwaka 2014 Kenya ilitangaza mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Kitui, Makueni na Machakos zikawa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza nao. Hazikuchaguliwa kwa bahati. Ukambani ni eneo ambalo ugonjwa huu umekaa miaka mingi na kuchunguzwa na watafiti wetu wenyewe. Nchi iliyotumia miongo mingi kuuondoa ina haki ya kuuliza maswali mpakani.

Wengine watasema paka si mbwa. Ni kweli kwamba mbwa ndio wanaosababisha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na paka mara nyingi huupata kwa kuumwa na mbwa au mnyama wa porini. Lakini paka aliyeambukizwa huingia ndani ya nyumba, hulala kitandani na watoto, na mkwaruzo wake hakuna anayeuchukulia kuwa jambo la hospitali. Mama aliyeumwa mkononi na mbwa mkali atapelekwa kudungwa sindano, ilhali mtoto aliyekwaruzwa na paka ataambiwa anyamaze. Kwa sababu hiyo chanjo ya paka ni jambo la kijiji kizima, aende ng'ambo au asiende.

Sasa paka mwenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wa dunia nzima wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu, wa jamii moja na yule paka-mwitu wa Afrika ambaye bado anawinda katika nyika za nchi yetu. Walikaribia makazi ya watu wakati kilimo kilipoanza, kwa sababu nafaka iliyowekwa ghalani ilileta panya, na panya wakamleta paka. Huko Cyprus wachimbaji wa mambo ya kale walipata kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita, mtu akiwa amezikwa na paka karibu yake. Mbwa alifuata kundi la watu popote lilipohamia. Paka alifuata ghala. Tofauti hiyo haijamtoka mpaka leo: anaijua mipaka ya eneo lake kwa harufu anazoziweka yeye mwenyewe kwenye miti, kuta na miguu ya viti, na akihamishwa ghafla hujificha, huacha kula, na akipata upenyo hutoroka kutafuta alikotoka. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hushauri kwamba paka aliyehamishwa afungiwe ndani wiki mbili au tatu hadi azoee.

Mtazame paka wa boma la Ukambani. Amezaliwa nyuma ya magunia, mchana analala juu ya gunia la ndengu ambako kuna joto, jioni anapewa ugali uliolowekwa kwa maziwa au mabaki ya muthokoi, na usiku anatoka. Chakula hicho anachopewa hakimtoshi. Mwili wa paka unahitaji nyama, kwa kuwa kuna virutubishi ambavyo hauwezi kujitengenezea kutokana na nafaka, na nyama hiyo anaijazia kwa panya, mijusi na nzige. Maisha yake yote ni kazi ya usiku katika eneo analolijua kwa hatua. Mchukue huyo, umweke kwenye chumba cha ghorofa ya tatu mjini Leeds au Birmingham, na mwenye kumpenda awe kazini zamu ya saa 12, kisha arudi alale. Paka huyo atakuwa salama dhidi ya magari na mbwa, atachanjwa kila inapotakiwa, atakula chakula cha kopo. Lakini yale yaliyoijaza siku yake yamekwisha, na yule mtu mmoja aliyebaki naye hayupo.

Kuna hoja hapa ambayo ina nguvu na siwezi kuipuuza: paka huzoea. Mamilioni ya paka wa Ulaya na Marekani wanaishi ndani ya nyumba bila kutoka, na wengi huishi miaka mingi kuliko wa vijijini kwetu. Ni kweli. Ila wengi wao wamelelewa ndani tangu utotoni, na kumfungia paka ambaye hajawahi kutoka ni jambo tofauti kabisa na kumfungia aliyekomaa akiwa huru. Kinda wa miezi 4 atazoea. Paka wa miaka 6 aliyezaliwa Kathonzweni ataweza pia, akipewa muda, mahali pa kupanda na mtu wa kucheza naye. Muda huo ndio mhamiaji mpya hana. Kwa hiyo ninayepima uwezo wake hapa ni binadamu, na ningetaka kila anayepanga kumchukua paka wake ajiulize atakuwa nyumbani saa ngapi katika mwaka wa kwanza.

Upande wa pili wa mizani ni boma linaloachwa. Kitui na Makueni ni kaunti kame, ambazo mavuno makubwa hutegemea mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba, na mvua hizo zikikosekana familia huishi kwa kilichobaki ghalani. Ndengu, mbaazi, kunde, mtama na mahindi hukaa kwenye magunia kwa miezi, na siku hizi magunia hayo huwekwa ndani ya nyumba ya kulala kwa kuogopa wezi. Wakulima wengi wameanza kutumia mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huua wadudu kwa kuwakosesha hewa bila dawa yoyote. Mifuko hiyo ina adui mmoja hasa: panya akiitoboa, hewa inaingia na kazi yake imekwisha. Punje zilizotafunwa nazo hupata ukungu kwa urahisi zaidi kuliko punje nzima. Makueni na Kitui hazihitaji kufundishwa madhara ya ukungu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao kutoka wilaya hizo mbili. Chanzo kikuu kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na paka hawezi kuukausha unyevu. Lakini tangu siku hizo kila boma linajua kwamba namna ya kuhifadhi nafaka ni suala la uhai, na paka ni sehemu ya uhifadhi huo.

Paka akiondoka na hakuna mwingine, kinachofuata mara nyingi ni sumu ya panya kutoka kwa agroveti. Vifurushi vya sumu hiyo huwekwa nyuma ya magunia, mahali ambapo kuku hupekua na watoto hutambaa. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anatoka akiyumbayumba, na paka wa jirani akimla naye hudhurika. Nimeona watu wakijibu kwamba tangi la chuma la kuhifadhi nafaka linamaliza tatizo lote, na mwenye uwezo wa kulinunua yuko sahihi. Anayetuma pesa kutoka Doha angefanya vizuri kuliwazia. Mpaka siku litakapofika, paka wa bomani anafanya kazi ambayo hakuna anayelipwa kuifanya.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni hii: unasema abaki, lakini paka wanaoachwa hutupwa. Mwenye nyumba akiondoka, nyumba hufungwa. Jirani hutupa chakula siku mbili tatu kisha husahau. Paka huanza kuiba samaki na vifaranga, hupigwa mawe, na jike huzaa mara kwa mara, kwani mimba yake ni ya miezi miwili tu na anaweza kushika akiwa bado hajafikisha mwaka. Baada ya mwaka mmoja soko lina paka zaidi wasio na mwenyewe wala chanjo, katika kaunti inayopambana na kichaa cha mbwa. Kila neno hapo ni kweli, na ndiyo sababu nakataa kuiona kauli ya "abaki" kuwa ruhusa ya kuondoka na kufunga mlango. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza mwenye mnyama kumwacha bila chakula na maji. Kwenda Riyadh hakumwondolei mtu umiliki.

Kumwacha paka ipasavyo kunaanza na mtu mmoja anayetajwa kwa jina mbele ya familia. Ahadi ya kwamba "watu wa nyumbani watamwangalia" haimwajibishi yeyote. Ikiwezekana, mtu huyo aje kwenye boma na paka abaki palepale alipozaliwa, kwa sababu paka aliyehamishwa kutoka Nunguni hadi kwa shangazi Emali anapata karibu mshtuko uleule wa aliyepelekwa ng'ambo. Ikibidi ahame, ahamishwe mwezi mmoja au zaidi kabla ya safari, wakati mwenyewe bado yupo wa kumtuliza, na afungiwe ndani siku za kwanza. Mtu huyo akiwa ni mama au nyanya mwenye umri mkubwa, asibebeshwe mzigo usio na fungu lake. Omena kidogo za kuchanganya na ugali hazigharimu sana, lakini zinagharimu, na anayetuma pesa za karo na dawa aitaje pesa hiyo kwa jina lake ili isimezwe na mengine.

Kisha kuna daktari. Ofisi za mifugo za kaunti zimezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na wengi hawajawahi kumpelekea paka. Anayeondoka ampeleke. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kadi ya chanjo iandikwe na ihifadhiwe pamoja na hati za nyumba, na tarehe ya kurudia iachwe kwa mtunzaji. Kampeni za chanjo za Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, ni nafasi nzuri kwa asiye na uwezo wa kumlipa daktari wa kibinafsi, ingawa ni vizuri kuuliza mapema kama paka wanachanjwa pamoja na mbwa. Jike afungwe uzazi, na dume vilevile ikiwezekana. Kazi hiyo ifanywe na aliyesajiliwa chini ya sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 2011, kwani muuza dawa wa dukani hana idhini ya kumpasua mnyama. Kwa gharama ya kumsafirisha paka mmoja hadi London, familia ingeweza kuyafanya haya yote kwa paka na mbwa wa boma lake na wa majirani kadhaa. Nikiwaza mpango wa 2030 na watoto wanaokwaruzwa bila mtu kujali, naona matumizi hayo ya pesa ni bora zaidi.

Wapo watakaosema nimehesabu magunia na sindano na kuusahau moyo. Mtu aliye peke yake ughaibuni, katika baridi, asiye na wa kuongea naye Kikamba, anaweza kumhitaji paka wake kuliko ninavyoelewa. Naiheshimu hoja hiyo. Upweke wa wahamiaji wetu ni wa kweli na hauzungumzwi vya kutosha. Lakini paka akitumiwa kuutibu upweke wa mtu asiyekuwepo nyumbani, tunao wapweke wawili. Na Uingereza haina uhaba wa paka wanaohitaji mtu. Vituo vya kuwapokea waliotelekezwa vipo, na mhamiaji aliyepata nyumba yake, zamu zenye nafuu na ruhusa ya mwenye nyumba anaweza kumchukua mmoja aliyezaliwa na kuzoea huko. Hata suala la ruhusa linaanza kulegea, maana sheria ya wapangaji iliyopitishwa mwaka 2025 kwa ajili ya England inampa mpangaji haki ya kuomba kufuga mnyama bila kukataliwa ovyo. Wa nyumbani atabaki kuwa wa nyumbani, na atakuwepo likizo ikifika.

Siwafungi wote kwa kamba moja. Kuna paka wa ghorofani Kitui mjini au Syokimau aliyelelewa ndani tangu kinda, anayemjua mtu mmoja tu, asiyejua kuwinda wala kumkwepa mbwa. Huyo ukimwacha kijijini utakuwa umemhukumu, na kama mwenyewe anahama moja kwa moja, ana nyumba na kazi ya kudumu, basi amchukue na avumilie miezi ya chanjo na kungoja. Familia inayohamia Marekani au Canada na watoto wote, ikafunga boma bila jamaa wa kubaki, nayo ina sababu ya kwenda na paka wake. Paka mzee au mgonjwa ni jambo la kuamuliwa na daktari, kwa kuwa ndege inaweza kumuua, na kuachwa pia kunaweza. Mizani yangu haibadiliki katika hali hizo: ni nani atakayekuwa naye kila siku, na wapi anajua kuishi. Kwa mtumishi wa Jeddah, mlinzi wa Doha na muuguzi wa zamu za usiku kutoka maboma ya Ikutha, Mbooni au Kyuso, mizani hiyo inaelekea nyumbani.

Kwa hiyo, wewe uliyejaza fomu kwa wakala na bado unangoja simu, usingoje tarehe ya ndege. Mpeleke paka wako achanjwe mwezi huu, maana chanjo hiyo ataihitaji akienda na ataihitaji akibaki. Mwite mtu utakayemwachia, mkalishe na wazee wa nyumba, mwambie paka huyu ni wako kuanzia leo na hizi ndizo pesa zake. Asipopatikana mtu wa kukubali, mtafutie paka boma jingine ukiwa bado Kenya, na uhakikishe amepokewa kabla hujapanda ndege.